Gari la Kwaya Lililozima Kwenye Pambio

Dada yetu, ambaye Mungu alimwita mwezi wa tatu mwaka huu, alikuwa na kicheko kisicholingana na mwili wake. Mwili ulikuwa mdogo, wa kupita katikati ya magari mawili yaliyobanana bila kugusa vioo. Kicheko kilikuwa cha mtu wa kilo mia na ishirini. Siku zile za msiba, kila aliyesimama kumsimulia alianza kwa machozi na kumaliza ameshika mbavu, hata tukaona haya mbele ya mchungaji, mpaka na yeye mchungaji akatoka nje kidogo akajifanya anapokea simu. Kwa hiyo hakuna njia ya kumwandika dada kwa uso wa huzuni. Tulijaribu, haikuwezekana.

Alikuwa fundi umeme wa magari. Si wa kubadilisha taa na honi tu, bali wa haya magari ya siku hizi yenye kompyuta ya injini, kompyuta ya breki, kompyuta ya milango na nyingine ambayo hakuna anayejua inafanya nini hadi siku iharibike. Miaka kumi na tisa alikaa katika chumba kimoja pale gereji, chumba cha dirisha moja, meza ndefu iliyochimbika kwa vyuma vya moto, na mikebe ya maziwa ya unga iliyojaa fyuzi, kila mkebe na ukubwa wake. Ukutani alitundika nyaya kwa rangi, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani. Mtu akirudisha waya wa bluu kwenye msumari wa kijani, dada alijua kabla hajavua kofia.

Wateja walimwita Mama Ethi. Jina alilitafuta mwenyewe. Gari lolote likija na ugonjwa wowote, neno lake la kwanza lilikuwa, "Tumepima ethi?" Hapo alieleza kwamba umeme una njia ya kwenda na njia ya kurudi, na ethi ndiyo ya kurudi, ule waya unaofungwa kwenye chuma cha bodi ya gari. "Watu wote wanaulizia ya kwenda," alisema. "Ya kurudi haina ndugu." Nyumbani napo hatukusalimika. Mtoto wa shule akileta matokeo mabaya, Mama Ethi anainua miwani na kuuliza kama mwalimu amempima ethi.

Sasa mwaka mmoja mwenye gereji, ambaye wote walimwita Bosi na ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake yote, alinunua mashine mpya ya kusomea kompyuta za magari. Pamoja na mashine akaleta mtu wa kuitumia, bwana mmoja wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Mafundi wakambatiza jina la Mtaalamu siku hiyo hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na tabia ya kuisoma ile mashine kwa sauti, kama anayesoma tangazo la serikali, na ikishasoma, kesi imekwisha.

Jumatatu moja asubuhi likaingia gari la kwaya ya kanisa letu, basi dogo la viti kumi na vinne, likivutwa kwa kamba. Nyuma yake waimbaji kumi na wawili wanatembea kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, na mbele ya wote kaka yetu mkubwa, mwimbaji wa besi, mtu mpana kama kabati la nguo, akifuta jasho kwa kitabu cha nyimbo.

"Hii ni mara ya nne mwezi huu," kaka alimwambia dada. "Linatembea vizuri, halafu linazima ghafla. Taa zote za dashibodi zinawaka, halafu giza."

"Halafu?"

"Halafu tunashuka, tunasukuma, tunaomba. Baadaye linawaka lenyewe. Leo limegoma kabisa."

Dereva alipogeuza ufunguo pale uani, likawaka papo hapo. Kwaya nzima ikashusha macho.

Mtaalamu akachomeka mashine yake. Kioo kikajaa maandishi mekundu, naye akayasoma yote bila kuruka herufi. Kompyuta ya breki inasema haiisikii kompyuta ya injini. Ya milango haiisikii. Ya usukani haiisikii. Akafunga kalamu. "Kompyuta ya injini imekufa. Iagizwe nyingine."

"Iliyokufa," dada akauliza, "inakufa na kufufuka mara nne kwa mwezi?"

"Mdogo wangu," kaka akadakia, "ufufuo si jambo la kuchezea."

"Sichezei, kaka. Nasema hivi: watu watatu wakilalamika kwamba wa nne haongei, uliza kwanza kama hajazibwa mdomo. Hii kompyuta ni nzima. Inakosa umeme, na mimi naona inakosa ya kurudi."

Bosi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama anayeng'oa misumari. Alisema gereji haiwezi kuwa na wapimaji wawili wanaobishana mbele ya wateja. Mmoja atakaa chumba cha umeme, mwingine ataenda stoo kupokea na kugawa vipuri. "Mama, una hadi Ijumaa saa sita mchana. Ukiliona tatizo, chumba ni chako. Usipoliona, Jumatatu Mtaalamu anahamia, wewe unachukua stoo. Stoo kuna kivuli, na macho yako yatapumzika."

Hilo la macho lilimchoma kuliko mengine. Ni kweli alikuwa amefikia hatua ya kushika waya mbali na uso ili auone vizuri, lakini hakujua kama Bosi amegundua.

Jumanne akapima ethi. Akawasha injini, taa zote, feni, vipangusio vya kioo na redio, ili gari libebe mzigo wote wa umeme linaoweza kubeba. Akashika ncha moja ya mita kwenye waya wa kurudi wa ile kompyuta na ncha nyingine kwenye betri. Namba ikiwa kubwa, njia ya kurudi ni mbovu. Namba ikasoma sifuri, na kijipande kidogo sana baada ya nukta. Njia safi kabisa. Akapima tena. Akabadilisha betri ya mita. Akapima mara ya tatu, na ile sifuri ikamtazama bila haya.

"Vipi, Mama Ethi?" Mtaalamu akauliza kutoka upande wa pili wa uwanja, kwa adabu mbaya kuliko matusi.

"Naipa muda," dada akajibu.

Jumatano akafikiri pengine ni uzito. Akajaza magunia kumi na mawili ya mchanga, moja kwa kila mwimbaji, akayapanga kwenye viti. Gunia la kaka akaliongezea nusu debe, kwa haki. Dereva akazunguka naye mitaa yote yenye mashimo. Watu walisimama kuangalia gari la kwaya limebeba magunia yamekaa wima kama yanakwenda mkesha, na fundi mdogo wa kike kapiga magoti katikati yao na mita mkononi. Gari halikukohoa hata mara moja. Likapanda kilima, likashuka kilima, likarudi gerejini limetulia kama mke wa mchungaji.

Usiku ule dada aliomba. Aliomba kama alivyofanya kazi, kwa ufupi na kwa kutaja vitu kwa majina yao. Hakuomba muujiza. Alisema, Bwana, mimi nimepima nilivyojua, sasa nionyeshe nisichouliza. Alituhadithia mwenyewe, na akasema alipotamka neno hilo, "nisichouliza", aliketi kitandani akajipiga paji la uso. Kwa siku tatu alikuwa amelihoji gari. Hakuwa amemhoji mtu.

Alhamisi asubuhi akamkamata dereva akinywa chai.

"Baba, gari linazima wapi?"

"Popote, mama."

"Kwenye mteremko? Kwenye lami? Ukikata kona?"

"Popote tu." Dereva akaangalia ndani ya kikombe.

"Basi linazima lini?"

Dereva akakiweka kikombe chini. Akakichukua tena. Akasema kamati imemkataza kusema.

"Kamati imekukataza kuniambia gari linazima lini?"

"Ni siri ya kwaya, mama."

Dada akavuta stuli, akaketi mbele yake, magoti yakigusana, akasubiri. Kwa kusubiri hakuna aliyemweza. Chai ilipopoa kabisa, dereva akainama na kunong'ona kama anayetoa habari za vita.

"Linazima tukifika kwenye pambio."

Ule wimbo wao mkubwa, alisema dereva, ulikuwa na beti tatu za polepole. Beti zote gari linakwenda. Likianza pambio, ile sehemu ya kuchangamka inayorudiwa na kila mtu, gari linazima. Lilizima mara ya kwanza, wakasema bahati mbaya. Mara ya pili, wakaanza kutupiana macho. Mara ya tatu, kamati ikakaa kwa siri na kuamua kwamba ndani ya kwaya kuna dhambi isiyoungamwa, na Mungu hataki wimbo wake uimbwe na midomo ile. Wakafunga siku tatu. Wakaungamana. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akakiri kwamba aliificha sufuria ya jirani tangu mwaka juzi. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu akasimama akilia na kukiri kwamba ana miaka miwili hajaimba hata noti moja, anachezesha midomo tu.

"Na kaka yangu aliungama nini?" dada akauliza.

"Kaka yako alisema amejichunguza, amejikuta safi."

Baada ya hapo wakapiga marufuku pambio ndani ya gari, na kwa wiki mbili gari likaenda bila kasoro, jambo lililowathibitishia kila kitu. Halafu Jumatatu ile wakiwa njiani kwenda mazoezini wakajisahau.

Dada alianza kucheka pale pale kwenye stuli. Alicheka hadi mafundi wakatoka chini ya magari kuona injini gani hiyo imewaka. Alipopata pumzi akamwambia dereva, "Nenda kaniletee kwaya. Wote. Kesho saa nne. Waambie waje na sauti."

Ijumaa saa nne walikuja kwa woga, wamevaa vizuri kama wanakwenda mahakamani. Dada akawaketisha kila mtu kwenye kiti chake cha kila siku. Yeye akajilaza sakafuni, kati ya safu ya mbele na ya pili, ncha za mita mkononi, miwani imefungwa kwa kipande cha waya isidondoke. Nje, Mtaalamu amesimama na mashine yake, mafundi wengine wameacha kazi, na Bosi yuko kwenye ngazi ya ofisi akiangalia saa.

"Washa injini. Mwalimu, waanze sauti ya kwanza peke yao. Pambio."

Mwalimu wa kwaya, mwanamama mpole mwenye sauti ya kuazimia chumvi, akasita. "Mama, una hakika? Kamati..."

"Mwalimu, nina saa mbili. Pambio."

Sauti ya kwanza wakaimba. Mita sifuri. Injini inanguruma.

"Sauti ya pili."

Sifuri. Yule aliyekuwa akichezesha midomo akapewa nafasi yake na sauti ya tatu, akaimba kwa nguvu za miaka miwili aliyojizuia, na kumbe alikuwa na sauti nzuri sana. Wenzake wakageuka kumtazama. Sifuri.

"Besi."

Besi walikuwa wanne, wote safu ya pili. Wakavuta pumzi, wakaingia kwenye pambio, na kwenye mpigo wa kwanza namba ikaruka kutoka sifuri hadi tisa, taa zote za dashibodi zikawaka, gari likazima. Mama mmoja akaanza kukemea shetani kwa sauti ya chini.

"Usikemee bado, mama, tutamhitaji," dada akasema kutoka sakafuni. "Washa tena. Besi mmoja mmoja."

Wa kwanza akaimba. Sifuri. Wa pili, sifuri. Wa tatu, sifuri, ingawa alikosea maneno kwa hofu. Ikafika zamu ya kaka. Kaka akajiweka sawa, akafunga macho kama kawaida yake, akafungua mdomo, na mguu wake wa kulia, kiatu namba arobaini na sita, ukainuka na kushuka kwenye sakafu kwa mpigo wa pambio. Puu. Tisa. Giza.

"Kaka," dada akasema, "imba tena, lakini mguu usiutumie."

"Siwezi kuimba pambio bila mguu."

"Jaribu."

Kaka akajaribu, ameshika goti kwa mikono miwili kama anazuia mbuzi. Akaimba pambio zima. Injini ikaendelea kunguruma kwa raha zake.

"Sasa usiimbe. Kanyaga tu."

Puu. Giza.

Hapo gari zima lilipasuka kwa kicheko. Yule mama wa sufuria alicheka hadi akatereza kutoka kwenye kiti. Mwalimu alijifunika uso kwa kitabu. Siku tatu za kufunga, sufuria imerudishwa kwa jirani, na kumbe ni mguu wa yule aliyejikuta safi.

Dada hakuwa amemaliza. Akafunua zulia chini ya kiatu cha kaka. Pale, kwenye chuma cha sakafu, palikuwa na bolti iliyokamata waya wa kurudi wa kompyuta ya injini. Akaifungua kwa spana. Chini yake chuma hakikuonekana. Kulikuwa na rangi, nene, ya kung'aa, rangi ya maziwa.

"Nani alipaka rangi humu?"

Wakatazamana. Miezi miwili nyuma, kwaya ilipotimiza miaka ishirini, walijitolea wenyewe kulipendezesha gari. Walifungua viti, walifungua kila kilichofunguka, wakapaka sakafu nzima kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka mabenchi ya kanisa, wakafunga tena juu yake. Kila mmoja alipewa sehemu yake.

"Safu ya pili nilipaka mimi," kaka akasema polepole. "Nilipaka mikono mitatu, rangi juu ya rangi. Kwa utukufu wa Mungu."

"Mungu hakukutuma upake chini ya bolti, kaka. Rangi haipitishi umeme. Waya wako umekuwa ukishika kwa ncha ya bolti tu. Likitulia, linashika. Magunia ya mchanga yamekaa kimya, limeshika. Wewe ukikanyaga, chuma kinacheza, njia ya kurudi inakatika, kompyuta inanyamaza, na wenzake wanaanza kulalamika hawaisikii." Akamtazama Mtaalamu kupitia dirishani. "Mashine yako ilisema kweli. Ilikosa tu kusema kwa nini."

Mtaalamu alikuwa ameshachuchumaa mlangoni, kalamu tatu zinaning'inia. "Naweza kuona?" akauliza. Akaingiza kidole, akakwangua rangi kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Dada akasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akarudisha waya, akakaza bolti, akapaka grisi kidogo juu kuzuia kutu. Dakika kumi. Saa tano na nusu alitoka chini, amejaa vumbi la rangi ya maziwa kwenye nyusi, akamwambia Bosi limekwisha.

Bosi alishuka ngazi, akaja, akapanda ndani ya gari. Akamwashiria kaka asogee, akaketi kwenye kile kiti chenyewe cha safu ya pili. "Twende," akamwambia dereva. "Na ninyi imbeni."

Dada naye akarukia ndani na mita yake. Wakatoka getini kwa beti za polepole, wakapita kwenye maduka, wakashika barabara ya kilima, na katikati ya kilima Mwalimu akainua mkono. Pambio likaingia. Kaka akakanyaga. Besi wote wakakanyaga. Bosi akakanyaga kidogo, kama anayejaribu maji ya kuoga, halafu kwa nguvu, halafu kwa miguu yote miwili, uso umekunjamana, amedhamiria kabisa kulizimisha gari lile, na gari likapanda tu. Walirudia pambio mara tisa. Kufika juu, Bosi alikuwa amelowa jasho hadi tai, amejua maneno yote, na meno yake, yaliyofichwa miaka yote hiyo, yalihesabiwa siku hiyo na watu kumi na wanne. Yalikuwa mazuri. Dada alisoma mita kwa machozi ya kicheko na ilikuwa sifuri, akaisomea kwaya kwa sauti, wakaitikia amina.

Waliporudi uani, Bosi alishuka kwanza. Akavuta shati, akarudisha uso wake wa kazini.

"Mama, chumba ni chako," akasema. "Jumatatu uwahi. Kuna magari matatu yanakungoja."

"Mimi huwahi siku zote, Bosi. Ni wewe unayefungua geti saa tatu."

Mafundi wakageukia magari yao haraka, mabega yakitikisika. Bosi akafikiri kidogo, akatoa ufunguo wa geti kwenye fungu lake, akampa. Dada akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu yote, akawaaga wanakwaya mmoja mmoja, akamkumbatia kaka kiunoni maana juu hakufika. Kisha akaingia chumbani mwake, akafunga mlango taratibu, na wote pale uani wakasimama wakimsikiliza anavyocheka peke yake huko ndani.